Samaki Waliolala Ubavu

Samaki aliyekufa kwa sumu na samaki aliyezimia kwa baridi hawafanani, lakini ili uwatofautishe ni lazima uwe umewahi kuwaona wote wawili. Katika kijiji cha mama yangu, kando ya ziwa kati ya Baraka na Lweba, watu waliowahi kumwona samaki aliyezimia kwa baridi walikuwa wawili tu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni ndugu yangu wa jando, niliyekaa naye chumba kimoja katika nchi ya kaskazini ambako mito huganda. Sitaitaja nchi hiyo, wala jina lake yeye. Kijiji nacho nakiacha bila jina, maana watu wake bado wanakula na kulala pale, na mama yangu mdogo ni mmoja wao.

Mimi si mtu wa kutulia. Nilimaliza sekondari Baraka, nikafundisha kidogo, nikavuka kwenda Kigoma, nikarudi, nikaenda Bujumbura, nikaenda Kalemie, kisha vita vikanipeleka kambini, na kutoka kambini nikapata bahati ambayo wengi waliililia: ndege. Kila nilikokwenda nilitamani nilikotoka. Nikiwa kwenye theluji niliota harufu ya ndakala, dagaa wetu, wakianikwa mchangani. Nikiwa hapa kwenye ndakala, najikuta nimesimama kando ya barabara nikitazama pikipiki zinazoelekea Uvira, nikiwaonea wivu hata abiria wasio na koti. Mama mdogo husema nilizaliwa na siafu kwenye nyayo.

Yeye ndiye aliyebaki. Mama yangu alipokufa, mdogo wake huyu alishika nafasi yake bila kutangaza, na akashika pia sehemu yake mtoni. Sehemu hiyo ilikuwa mashimo ya kuloweka muhogo, pale mto unapopunguza mbio kabla ya kuingia ziwani. Ni mashimo yaliyozungushiwa mawe. Maji yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili taratibu. Muhogo mchungu unamenywa, unatupwa humo, unafunikwa kwa majani na kukandamizwa kwa mawe, unakaa siku kadhaa mpaka unalainika na ule uchungu unatoka. Baadaye unaanikwa juu ya miamba, unatwangwa, unakuwa unga. Unga wa mama mdogo ulijulikana hadi sokoni Baraka kwa weupe wake. Kwa unga huo alisomesha watoto wake, na kwa unga huo alinilisha mimi kila niliporudi mikono mitupu.

Mashimo hayo ndiyo yaliyotakiwa kuchukuliwa.

Ndugu yangu wa jando alikuwa amerudi kutoka kaskazini kabla yangu. Alirudi na mashine mbili za boti, akachongesha boti, akaoa tena, akaingia kwenye komite ya wavuvi. Mimi nilirudi na sanduku moja na kikohozi. Hakunidharau, hilo lazima niliseme. Alinipokea kwa kuku. Tulipelekwa jandoni asubuhi moja. Mimi nilikatwa kabla yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita yaya, mkubwa wake, na mbele za watu alikuwa akiniita hivyo kwa sauti kubwa. Tatizo lake lilikuwa mawimbi. Ufuko wetu uko wazi, upepo wa kusini ukija unazigonga boti kama mtu anayetwanga. Mahali pekee penye utulivu ni mdomo wa mto, na mdomo wa mto ulikuwa na mashimo ya mama mdogo.

Aliwahi kumwomba, kwa adabu kabisa. "Mama mudogo, unaonaje ukisogea kidogo kule juu?"

"Mutoto wangu, kule juu maji inakimbia. Muhogo wangu utaenda mupaka Zambia, nani ataufuata? Wewe na mashine yako?"

Alicheka, nami nikacheka. Nilidhani limekwisha.

Mvua zilipoanza mwaka ule, siku moja wingu jeusi lilikalia milima mchana kutwa, juu kabisa kule wanakochunga ng'ombe, wakati huku chini jua linawaka. Mto wetu ni mfupi na mkali. Unaanzia kwenye baridi, unashuka mteremko kama mbuzi aliyekata kamba, na kabla haujapata joto umeshafika ziwani. Jioni mlio wake ulibadilika. Watu walioshuka na mizigo yao baadaye walisema mvua ya mawe ilimwagika huko mpaka majani yakawa meupe na ndama wakawa wanateleza.

Asubuhi tuliamshwa na kelele za wanawake waliokwenda kuchota maji.

"Bamama, mukuje! Samaki zinalala!"

"Zinalala ao zimekufa?"

"We okota tu, utaziuliza ukifika nyumbani!"

Mdomo wa mto ulikuwa umejaa ngege, wakubwa na wadogo, wamelala ubavu, tumbo jeupe linaangaza juu. Watu waliwaokota kwa mikono, kwa vikapu, kwa khanga. Nilipotia mguu ndani ya maji, baridi ilinipanda hadi gotini kama kitu chenye meno. Sikuwa nimeisikia baridi ya namna ile tangu nilipoacha kaskazini. Nikainama nikamshika samaki mmoja. Hakujitupa. Kifuniko cha shavu lake kilifunguka, kikangoja, kikangoja tena, kikafunguka. Jicho lilikuwa safi. Nikajua.

Nilichota maji ya ziwa, yale ya vuguvugu ya mbali na mto, nikayaweka kwenye beseni juani mbele ya nyumba ya mama mdogo, nikamtia samaki yule humo. Mama mdogo alikuwa anamenya muhogo. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mkia ukatikisika, samaki akajigeuza nusu, akaanguka tena, akajigeuza, akasimama wima ndani ya maji na kuanza kuzunguka beseni akitafuta njia.

"Huyu alikuwa amelewa?" mama mdogo akauliza.

"Alikuwa anasikia baridi."

"Samaki asikie baridi? Iko na shati?"

Nikamsimulia ule mto wa kaskazini, nami nausimulia hapa pia, kwa sababu bila huo mambo yaliyofuata hayaeleweki.

Huko tulifanya kazi katika kiwanda cha kukata samaki, mimi na ndugu yangu, tumevaa buti za mpira na aproni. Mwenyeji mmoja wa pale kazini alitualika siku ya mapumziko tutembee naye mtoni. Tulipofika, mto haukuwepo. Kulikuwa na uwanja mweupe, na watu walitembea juu yake na mbwa wao. Ndugu yangu alisimama ukingoni, akakataa.

"Yaya, mi siwezi kanyaga maji. Yesu peke yake njo alifanya vile. Na Petro alizama, tena alikuwa mutume."

Nilimshika mkono, tukaenda hatua za mtoto. Mwenyeji akatoboa tundu kwa keekee kubwa, akatuambia tulale kifudifudi, tujifunike kichwa kwa koti ili mwanga usiingie, tuchungulie. Ndugu yangu alichungulia kwanza. Alilala pale muda mrefu mpaka nikaogopa uso wake umeganda.

"Ziko!" akasema kutoka ndani ya koti. "Zimejipanga kama batu ya kanisa. Zote zinatazama upande moja na hakuna hata moja inatikisika."

Mwenyeji alieleza na mimi nikamtafsiria kwa Kifaransa na Kiswahili chetu. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Damu yake inafuata maji. Maji yakipoa, moyo wake hupunguza mwendo, unapiga kama mpiga ngoma anayesinzia. Hatafuti chakula, maana hata akila, tumbo halina nguvu ya kukisaga. Anaacha mkondo unaokimbia, anashuka kwenye kina ambako maji yametulia na, jambo lililotushangaza, yana joto kidogo kuliko ya juu: maji yakikaribia kuganda huwa mepesi, hupanda, na kugandia juu. Barafu inakuwa paa. Chini ya paa hilo samaki wanakaa pamoja, hata wale wanaofukuzana wakati wa joto, kila mmoja akibana pumzi na nguvu zake. Kwenye mkondo mkali ni hatari zaidi, kwa kuwa barafu nyembamba kama sindano huelea ndani ya maji yenyewe na kuingia kwenye matamvua wanayovutia pumzi, na samaki analazimika kuhama. Kila kuhama kunamlia akiba yake, na akiba hiyo hana njia ya kuirudisha mpaka joto lirudi. Ndiyo maana mwenyeji yule alituomba tusirukeruke. Ukiwashtua, alisema, wanakimbia, na wanaokimbia sana hawafiki mwisho wa baridi.

Tulipewa samaki mmoja. Alilala juu ya barafu akakakamaa kama kipande cha ubao. Ndugu yangu alimtia kwenye mfuko wa plastiki, tukapanda basi. Nyumbani akamweka kwenye sinki la jikoni, akamfungulia maji ili amwoshe, akaenda kuvua buti. Aliporudi, samaki alikuwa anaogelea. Sijapata kusikia mwanamume akipiga kelele vile. Alirukia juu ya kiti, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akaniita kwa jina letu la jandoni ambalo haliitwi ovyo. "Amefufuka! Yaya, amefufuka!" Hakukubali tumle. Alisema hawezi kula kitu kilichotoka kaburini kikiwa na macho wazi. Tulimpa jirani. Halafu akaniapisha nisije nikawasimulia watu wa nyumbani habari ya kile kiti, na mimi nikaapa kwa jina hilohilo, nikicheka hadi machozi.

Mama mdogo alisikiliza yote, pamoja na kiti, maana kwake sikuona kama ni kuvunja kiapo. Akasema, "Basi Mungu anatesa samaki kila mahali," akaendelea kumenya.

Kufikia wiki iliyofuata habari ilikuwa imefika Baraka kabla yetu. Wanawake waliopeleka samaki sokoni walirudi na mabeseni yamejaa. Wanunuzi walikuwa wamewaambia, samaki ya kule balitia sumu, batu baliziokota zimekufa. Hata samaki wa mikeke waliovuliwa mbali kabisa, katikati ya ziwa, hawakuguswa kwa kuwa wametoka ufuko wetu. Ilibidi sababu ipatikane, tena sababu inayoweza kuondolewa na watu wakaona imeondolewa. Sijui nani alitaja maji ya muhogo kwanza. Sisemi kwamba lilikuwa wazo la kipumbavu. Muhogo mchungu una sumu kweli. Hakuna mtu kwetu asiyejua habari ya mtoto aliyeula mbichi na kuzikwa.

Kwetu mambo ya ziwa husemwa siku za mwezi mpevu, wakati wavuvi wa taa hawaendi kazini kwa sababu mwezi unazishinda taa zao, na wanaume wana nafasi ya kugombana. Tunakaa mchangani mchana. Anayetoa ushahidi wa jambo aliloliona havui kofia wala haapi kwa kitabu. Anaingia ziwani hadi maji yamfike katikati ya ugoko, anageuka kuwatazama watu, ndipo anasema. Tunaamini ziwa linalisha wote kwa hiyo linasikiliza wote. Nimewaona watu wenye midomo mikubwa wakifika ukingoni, wakatazama maji, wakarudi kukaa.

Prezida wa wavuvi, mtu mpole mwenye tumbo, alianza. "Mama, tunakuheshimu sana. Hakuna mutu hapa anasema ulifanya kwa roho mubaya."

"Basi ni roho muzuri njo inafunga mashimo yangu?"

Watu wakacheka. Prezida naye akacheka kidogo.

"Mama, maji ya muhogo iko na sumu, ao haina?"

"Iko nayo. Na inatokaka kila siku, toka bibi yangu alikuwa musichana. Mbona samaki hazikufaka? Zilikuwa zinangoja muchague komite?"

Nikainuka nikauliza kama ilikuwa sumu, wale waliowaokota na kuwala, ni nani aliumwa tumbo. Kijana mmoja wa boti akanijibu kutoka nyuma, "Sumu ya muhogo inaishaka kwa moto, papa. Si hata we unakulaka bugali?" Na hilo ni kweli.

Basi nikaingia majini. Nikasema yote: mvua ya mawe, mto wa baridi, samaki wa beseni, na mto wa kaskazini uliokuwa jiwe, wenye samaki hai chini yake. Mwanzoni walisogea karibu ili wasikie. Kisha nikaona mabega yanatikisika.

"Maji inakuwa jiwe, na samaki ndani zinalala! Bulaya iko na mambo."

"Na we ulitembea juu yake? Ulikuwa na kandambili ao miguu mitupu?"

"Mumuache. Huyu amezunguka mingi. Mwili ulifika, kichwa ilibakia Kalemie."

Mama mdogo alisema aliona samaki wa beseni kwa macho yake. Prezida akamwambia kwa upole kwamba mwenye kesi hawezi kuwa shahidi. Nikaomba wangoje mvua ya mawe nyingine, tujaribu mbele ya wote. "Na soko ya Baraka nayo itangoja?" akauliza. Halafu akanigeukia. "Mutoto yetu, uko na shahidi?"

"Niko naye. Ameketi karibu yako."

Nakumbuka jinsi nilivyojisikia wakati ule. Nilikuwa na furaha. Nilitoka majini kumpisha kama mtu anayempisha bwana harusi. Ndugu yangu alisimama, akavua viatu, akakunja suruali kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, akaingia ziwani, akageuka. Ufuko mzima ulimtegea sikio, maana yeye si mzururaji. Ana boti, ana wake, ana jina.

"Ni kweli mi nilikuwa naye kule," akasema. "Na kule kuko baridi, hapa hamuwezi kuijua. Lakini sisi tulikuwa batu ya kazi. Asubuhi kazini, mangaribi nyumbani. Mambo ya kutembea juu ya muto, na samaki yenye kufufuka, mi sikuonaka." Alinionyesha kwa mkono. "Yaya yangu anapenda mama yake. Hata mimi, kama ni mama yangu, ningesema vile."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Angeniita mwongo ningepigana naye. Alinitetea, na kwa kunitetea akanizika, na watu wakaguna kwa huruma, wakinitazama kama mtu aliyeshindwa kwa sababu njema.

"Na kiti?" nikamuuliza kutoka mchangani.

"Kiti gani, yaya?"

Wote wakanigeukia, wanangoja. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeapa kwake kwa jina la jandoni, na yeye alijua kwamba kiapo cha namna hiyo sitakivunja mbele ya wanawake na watoto. Alikuwa anaegemea uaminifu wangu kama mtu anayeegemea ukuta. Nikaufunga mdomo. Prezida akasema maneno yake. Mashimo yafukiwe, habari ipelekwe Baraka, mama atafute mahali pengine pa kuloweka na komite itamsaidia.

Vijana waliyafukia siku ileile, kwa mchanga na kwa mawe yaleyale ya kuta zake. Mama mdogo aliomba wamngoje atoe muhogo uliokuwa umefika nusu. Tuliutoa pamoja, laini nje, mgumu ndani, hauwezi kuliwa wala kurudishwa. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayehesabu, nadhani alikuwa anasali. Soko la Baraka lilifunguka tena kwa samaki wetu, na watu walifurahi, na sikuweza kuwalaumu kwa kufurahi. Boti za ndugu yangu zikaingia mdomo wa mto zikalala pale kimya kama ng'ombe.

Komite ilimsaidia mama mdogo kwa pipa. Muhogo uliolowekwa kwenye pipa unanuka, hata ubadilishe maji mara ngapi. Majirani walianza kufunga madirisha. Wateja wake wa Baraka walichukua unga kidogo vidoleni, wakaunusa, wakaurudisha kwenye beseni kwa heshima.

Alikuja mchana mmoja, ndugu yangu, na sukari na sabuni. Mama mdogo alimwonyesha meza kwa kidevu. "Weka pale. Mi sina ugomvi na sukari." Akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa lake. Tukabaki wawili.

"Uliona," nikamwambia. "Niambie hapa, tuko peke yetu."

"Nilionaka, yaya. Nani anaweza kusahau? Mupaka leo naota ile jicho."

"Sasa kwa nini?"

Alitazama miguu yake. "We utaenda. Usinitazame vile, unajijua. Kila mara unaenda. Ukienda, mi nitabakia hapa na mawimbi na batoto kumi."

"Mama mudogo naye anabakia."

Alinigusa bega akaondoka, na pikipiki yake ikasikika mpaka kona. Nilikaa pale nikitafuta uongo katika aliyosema kuhusu mimi, nisiuone. Aliokota jambo la kweli, akalifanya kisu.

Mwaka ule sikuondoka. Sitaki kusema ni kwa ajili ya mama mdogo peke yake. Ilikuwa pia kiburi.

Mvua zilipokaribia kwisha, wingu likakaa tena juu ya milima, mto ukabadilisha mlio, na asubuhi ngege wakawa wamelala ubavu, safari hii katikati ya boti zake. Mashimo hayakuwepo, muhogo haukuwepo. Lakini juu ya maji, kando ya mashine, kulikuwa na ule utando wa petroli wenye rangi za upinde wa mvua, na kila mtu aliuona. Nilifika wakati kijana wa boti, yuleyule wa sumu na moto, anasema kwa sauti, "Basi ile wakati ilikuwa muhogo, na leo ni esansi?"

Prezida alikuwapo. Macho yalianza kumgeukia ndugu yangu mmoja mmoja. Nilimwona akielewa. Hakupoteza muda. Aliomba beseni, akamtuma mtu achote maji ya ziwa kule mbali penye joto, akainama akachagua samaki mkubwa, akamtia.

"Mungoje," akasema. "Mutaona. Hii ni baridi. Mawe ilianguka kule juu. Mimi kule Bulaya nilionaka muto inaganda yote, inakuwa jiwe, batu banatembea juu. Na samaki chini, zimejipanga kama kanisani!"

Samaki akajigeuza. Watu wakapiga kelele ya furaha. Wanawake wakasogea, pamoja na wanunuzi waliotoka Baraka, watoto wakapanda migongo ya wenzao ili waone. Yeye akawaeleza moyo unavyopunguza mwendo, tumbo linavyokataa chakula, barafu inavyokuwa paa, maneno niliyomtafsiria mimi, kwa mpangilio uleule. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Na alipoona wanacheka, akaongeza.

"Moja tulipeleka nyumbani, imekauka kama ubao. Tunaiweka kwa maji, inafufuka! Huyu yaya yangu, munamuona huyu? Aliruka juu ya kiti! Soksi moja kwa muguu, ingine kwa mukono! Analia, amefufuka, amefufuka!"

Walicheka hadi wengine wakashikana. Akaja akaniweka mkono begani. "Yaya, si ni vile? Ingia majini, ubaambie."

Wote walinitazama, nami nikamtazama mama mdogo, aliyekuwa amesimama na kikapu chake kitupu. Ningeweza kukana. Ningesema sikuona kitu, nilikuwa mtu wa kazi, asubuhi kazini, mangaribi nyumbani. Petroli ingekuwa sumu, na boti zingeondolewa kama mashimo yalivyoondolewa. Hilo neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini samaki alikuwa anazunguka beseni mbele ya watu wote, na nilikuwa nimeshalisema jambo hili nikiwa majini. Nikaingia. Baridi ilikuwa kali.

"Ni vile," nikasema. "Ni baridi. Nilisema tangu ile siku. Ila aliyepanda kiti ni yeye."

Walicheka zaidi kuliko mwanzo. Walidhani ni utani wa ndugu wa jando, kila mmoja anamsukumia mwenzake kiti. Yeye naye alicheka, mdomo wazi, na mkono wake ukanipigapiga mgongoni.

Mama mdogo alisubiri kicheko kipungue. "Prezida," akasema, "kwa hiyo haikuwa muhogo wangu."

"Haikuwa, mama."

"Sema kwa nguvu. Bamama ya Baraka bako hapa."

Akasema kwa nguvu. Mama mdogo akamshukuru. Akauliza basi mashimo yake yatakuwaje, na prezida akatazama boti, akamtazama mwenye boti, akakuna shingo. "Mama, boti nazo ziende wapi?" Walizungumza pembeni. Mwisho wakamwambia atapewa shimo moja, lile la ukingoni ambalo boti haziwezi kulifikia, na ndugu yangu akasema mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe atawaleta vijana kulifukua, na aliwaleta kweli, na watu wakamsifu.

Shimo hilo lipo. Maji yanaingia, lakini boti imezuia upande wa kutokea, yanazunguka tu. Unga wake si kama ule wa kwanza, ingawa haunuki kama wa pipa. Mama mdogo anauuza sokoni Nundu sasa, kwa watu ambao hawakuujua wa zamani. Asubuhi anapoinama kutupa muhogo, ndugu yangu huwa anaosha mashine yake hapohapo, karibu kiasi cha kushikana mikono, na wanasalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Ananiona nimesimama juu ya mwamba, ananipungia.

"Yaya! Bado uko?"

"Niko, patron," namjibu.

Mara ya kwanza nilipomwita hivyo, kama kibarua anavyomwita tajiri wake, badala ya kumwita ndugu, aliacha kuosha, akanitazama. Siku hizi ameshazoea.